Togwa ya Mkwe Asiyekuwapo

Togwa ile niliinywa mimi. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya watu wazima, mbele ya watoto wenzangu, na mara moja mbele ya msichana aliyekuwa analia. Sikuona haya, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba kukana kwangu ni sehemu ya wema. Sijui kama yuko mtu mwingine aliyewahi kusema uongo kwa ajili ya utakatifu akiwa na umri wa miaka tisa. Nikimpata, tutaketi tuulizane tulikuwa tunafanya nini.

Tulikaa Kinampanda, wakati wa Mwingereza. Baba alikuwa seremala wa misheni. Wiki nzima alikuwa Kiomboi akitengeneza vitanda na mabenchi, Jumamosi jioni anarudi kwa miguu akinuka mbao. Mama hakuwa mwenyeji wa Iramba. Alikuwa Mnyaturu wa upande wa Mandewa, tena aliyelelewa bwenini na akina mama wa misheni tangu hajaota meno ya pili. Alijua nyimbo za kitabuni zote bila kufungua kitabu, alijua kupiga pasi ya mkaa bila kuunguza kola, lakini desturi za Wanyiramba alijifunza kama mimi nilivyokuja kujifunza Kiingereza: kwa kuchelewa, na kwa makosa yaliyowafurahisha wengine.

Jirani yetu alikuwa mjane, nami nilimwita bibi. Alikuwa na mguu uliovimba ambao haukutaka kupona, na binti mmoja ambaye tayari alikuwa mwanamwali. Huyo nilimwita dada, na ninamwita hivyo mpaka leo. Dada alichota maji, alipika, alimkanda mama yake mguu, na saa iliyobaki alipalilia shamba lao la uwele. Saa iliyobaki haikutosha. Shamba lilikuwa kubwa, limekatwa na korongo, na upande wa pili wa korongo magugu yalikuwa yameanza kuwa marefu kuliko uwele.

Kwetu mtu aliyezidiwa na palizi alipika pombe. Majirani walikuja na majembe asubuhi, alasiri wakanywa, na shamba likawa safi. Wakristo hawakuruhusiwa pombe, kwa hiyo wao walikuwa na kilimo chao cha togwa, kinywaji kisicholevya, wakilimiana wenyewe kwa wenyewe. Bibi hakuwa amebatizwa, basi kwenye togwa hayumo. Na mwaka ule mavuno yaliyotangulia yalikuwa mabaya, hakuwa na nafaka ya kupikia pombe, basi kwenye pombe hayumo pia. Alikuwa ameanguka katikati ya vyungu viwili, na kila upande uliamini kwamba upande mwingine utamwokota.

Jumapili moja mwinjilisti alifundisha kwamba anayetenda wema ili aonekane amekwisha kulipwa, asitegemee kingine mbinguni. Nadhani watu wengi walisikia, wakaenda nyumbani kula. Mama yangu alisikia, akakosa raha. Kulipopambazuka kesho yake alinitikisa begani.

"Amka. Tunakwenda kumtumikia Bwana."

"Wapi?"

"Kwa bibi. Ng'ambo ya korongo. Chukua kale kajembe kako."

Tulilima tukiwa tumelowa umande mpaka kiunoni. Mama alikuwa na mkono mwepesi. Magugu yalilala nyuma yake kana kwamba yameambiwa. Mimi nilikata magugu na uwele kwa usawa, bila upendeleo. Kabla jua halijashika vilele vya miti, tulikuwa tumeondoka.

"Ukiulizwa, hujui," mama aliniambia njiani.

"Huo si uongo, mama?"

"Si uongo. Ni siri ya Mungu."

"Na Mungu mwenyewe akiniuliza?"

"Mungu hawezi kukuuliza, alikuwa pale pale. Futa tope miguuni."

Nilifuta tope, na tangu siku ile sijajua mpaka uko wapi kati ya siri ya Mungu na uongo wa kawaida. Nimesoma vitabu vingi juu ya hilo chuo kikuu, vingine vinene, na bado ningependa kuona jiwe la mpaka lenyewe.

Tukarudi asubuhi iliyofuata, na nyingine. Kisha asubuhi moja tulikuta kibuyu juu ya jiwe mwishoni mwa shamba, kimefunikwa jani. Mama alikitazama kwa mbali.

"Bibi amesahau kibuyu chake. Usikiguse."

Nia yangu ilikuwa kutokigusa. Lakini jembe lilikuwa zito, na nikiwa na njaa pua yangu husikia vizuri. Mama alipogeuka kuelekea mstari mwingine nilitoa lile jani. Ilikuwa togwa ya mtama, nzito, yenye utamu wa kimea na uchachu kidogo kwa nyuma. Nilisema nitaonja tu. Nilipotoa kibuyu mdomoni nilikuwa naona kitako chake.

Mama aliponikamata hakunipiga. Alihuzunika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tumekuja kutoa," alisema, "wewe unachukua." Halafu, kwa sababu alikuwa mtu wa usafi, alikipangusa kibuyu kwa kanga yake na kukiinamisha vizuri juu ya jiwe, mdomo chini, kisiingie vumbi.

Haikuwa bado adhuhuri tuliposikia vigelegele. Bibi alikuwa amesimama uani kwake, ameegemea fimbo, mguu wake wenye maradhi umening'inia, anapiga vigelegele kama mtu mwenye miguu mitatu mizima. Wanawake waliokuwa kisimani walitupa ndoo wakakimbilia kwake. Mama naye alikimbia. Nilimwona akimshika bibi mikono, akimpongeza kwa nguvu zote, akicheka, ingawa alikuwa bado hajajua anampongezea nini.

"Bibi amepata mkwe," aliniambia aliporudi. "Sijui ni nani. Anasema ni kijana mwenye adabu sana."

Tulifurahi mpaka Jumamosi.

Jumamosi baba alirudi, akaoga, akaketi, na mama akampa habari za kijiji: fulani kajifungua, fulani kauza mbuzi, jirani kapata mkwe ambaye hajaonekana, analima tu alfajiri na kuondoka. Baba alikuwa anakula. Akaacha.

"Analima wapi?"

"Ng'ambo ya korongo."

Mama alianza kukunja na kukunjua pindo la kanga.

"Na kibuyu waliweka?"

"Kulikuwa na kibuyu," nikasema mimi.

"Nani alikunywa?"

Nilitazama miguu yangu.

"Mkakiacha vipi?"

"Nilikiinamisha," mama alisema. "Kwa ajili ya vumbi."

Baba alicheka mpaka akasimama, akatoka nje, tukamsikia akichekea huko, kisha akarudi amefuta machozi. Akatueleza. Kwa Wanyiramba wa pale, kijana aliyemtaka binti wa mjane hakuanza na maneno. Alianza na jembe. Alidamka akalima kipande cha shamba la mama mkwe, akaondoka asionekane. Mama mkwe akiridhika na kazi, aliweka togwa mpakani. Kijana akiinywa yote na kuinamisha kibuyu, alikuwa amesema: ninamtaka, nakwenda kuwaandaa wazee wangu, nisubirini.

"Kwa hiyo umeposa, mama mtoto," baba alisema. "Wewe na huyu. Mmemposa binti wa watu. Sasa niambie, ng'ombe wa mahari nitatoa wapi? Mimi nina randa na msumeno."

"Acha mzaha," mama alisema.

"Si mzaha. Nenda kamwambie."

Hapo ndipo nilipomwona mama yangu, kwa mara ya kwanza, hajui la kufanya. Alikuwa mtu wa kuamua haraka; alichinja kuku kabla mgeni hajamaliza kusema hodi. Usiku ule na siku zilizofuata alizunguka ndani ya swali moja kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Akisema, wema wake umetangazwa. Hilo, alisema, angelimeza. Lakini bibi amekwisha kupiga vigelegele mbele ya wanawake wote. Akiambiwa sasa kwamba mkwe wake ni mke wa seremala na mtoto mwenye kiu, kijiji kitamcheka mpaka kaburini. Tumemsaidia ili tumvue nguo? Afadhali kunyamaza. Mkwe asipotokea, bibi atachoka kusubiri, mambo yataisha yenyewe.

Baba alikuna kichwa, akasema mambo ya aina hiyo hajawahi kuona yakiisha yenyewe, kisha akarudi Kiomboi kwenye vitanda vyake.

Tukaacha kulima. Bibi akaelewa kwamba mkwe amekwenda kuwatafuta wazee wake.

Lisilojulikana na mama, wala na bibi, ni kwamba dada alikuwa na mtu wake. Alikuwa kijana wa kibarua cha barabara, kule Iguguno, akivunja kokoto za serikali. Mtu mpole, mwenye viatu, amebatizwa mwaka ule ule. Siku za wiki alikuwa kambini, hakuwa na nafasi ya kumlimia mtu alfajiri. Alipokuja sasa na mjomba wake kuzungumza kama desturi inavyotaka, bibi aliwapokea vizuri, akawapa maji, akawaambia wamechelewa. Shamba lake lina mtu. Ametumia jembe, wala hajatumia mdomo. Na huyu aliye mbele yangu, bibi alisema akimtazama yule kijana miguuni, amekuja na viatu.

Dada alinifuata mtoni siku mbili baadaye, nikiwa nateka maji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wewe. Nimeona nyayo ndogo kule ng'ambo ya korongo."

"Labda za tumbili."

"Tumbili wa wapi anapalilia? Ni nyinyi?"

Nilishika kata ya maji kwa mikono miwili. Nilimpenda dada. Alikuwa ndiye aliyenisuka nywele bila kunivuta.

"Sijui," nikasema.

"Nitazame. Nikimwambia mama ni nyinyi bila mtu kunithibitishia, atasema namtafutia yule kijana njia. Nataka neno moja tu. Ni nyinyi?"

"Sijui, dada."

Akakaa chini kwenye mchanga. "Nimemwomba kijana mwenyewe aseme ni yeye," alisema, sasa akizungumza na maji kuliko na mimi. "Nimemwambia, sema tu uliomba ruhusa kambini ukaja kulima. Mama ataridhika, mambo yaishe. Unajua amenijibu nini? Amesema hawezi kujisifia jembe la mwingine. Amesema amebatizwa." Akacheka, kicheko ambacho sikukipenda. "Nyinyi watu wa kubatizwa! Kila mmoja amekamata wema wake kama kuku wa kuibiwa, hamtaki hata mtu aguse."

Akainuka, akajitwika mtungi wake, akaondoka bila kuniaga.

Nilimwambia mama. Alilia. Alijifunga kanga, akatoka mpaka kwenye ua wa miiba wa bibi, nikamwona amesimama pale. Ndani bibi alikuwa anaimba, anachambua mbegu, anawaambia wanawake wawili waliomtembelea jinsi mkwe wake alivyo mwangalifu, jinsi alivyoinamisha kibuyu kisiingie vumbi. Wanawake wanaitikia. Mama alisimama muda wa kuweza kuchemsha chungu cha maji, kisha akageuka, akarudi nyumbani.

"Sikuweza," alisema. "Nimeshindwa kumvunjia furaha yake."

Nimelitafakari hilo ukubwani, kwa vipimo vyote ambavyo elimu imenipa, na matokeo hubadilika kufuatana na siku. Kuna siku naona mama alikuwa na huruma. Kuna siku naona aliogopa. Kuna siku naona, na hapa naomba asinisikie, kwamba alikuwa ametunza thawabu yake mbinguni kwa muda mrefu mno kuweza kuitoa sokoni. Na mimi je? Mtoto mtiifu aliyetii amri ya mama yake, na utii ule ukamkosesha dada mume. Na yule kijana aliyekataa kusema uongo mdogo? Tulikuwa Wakristo watatu, kila mmoja akishika fundisho moja safi, na tulipounganisha mafundisho yetu yakawa mtego. Mtu pekee aliyefanya jambo la wazi katika habari hii yote ni bibi ambaye hakubatizwa: aliona mtu amemlimia, akamwekea cha kunywa.

Barabara ilisonga mbele, kambi ikahamishwa kuelekea Manyoni, na kijana akaenda na kambi. Tulisikia baadaye ameoa huko. Bibi alisubiri mkwe wake mavuno hayo na yaliyofuata, halafu akaacha kumtaja. Dada alikuja kuolewa Iguguno na mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye watoto ambao tayari walikuwa wanajua kujibu. Aliwalea. Mume alipofariki alirudi Kinampanda kwenye kiwanja cha mama yake, ambaye wakati huo alikuwa ameshazikwa. Na huko Iguguno alikuwa amebatizwa, jambo ambalo sijawahi kuthubutu kumuuliza aliwezaje.

Mimi nilisoma. Nilisoma mpaka Wanyiramba wenzangu wakaanza kuniita msomi kwa sauti ile wanayotumia kwa mtu mwenye kigugumizi. Nikawa mwandishi wa makala, na akina mama wa kanisa wakawa wananialika kuzungumza juu ya utumishi. Nilikuwa nasimama mbele yao na kutoa mfano wa mama yangu aliyemlimia mjane kwa siri. Walipiga makofi. Kibuyu sikukitaja, wala dada. Nikirudi kuketi nilikunywa soda yangu nikijiuliza nimesema ushuhuda au nimesimulia nusu ya kesi.

Safari yangu ya mwisho nyumbani mama alikuwa amezeeka, amekuwa mwepesi kama kikapu. Dada alipita nje na mzigo wa kuni, wakasalimiana, na mama akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea.

"Nikimwambia sasa," mama aliniuliza, "itakuwa nimetubu au nimejisifu?"

"Swali zuri," nilisema, kwani hilo ndilo jibu tunalofundishwa chuo kikuu. Kisha nikamweleza kwa kirefu kwamba nia ya mtu ina tabaka nyingi. Alinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza alisema, "Haya, mwanangu," akaingia ndani kulala. Nimewahi kushindwa mitihani, lakini hakuna uliosahihishwa kwa upole namna ile.

Miezi michache baadaye nililetewa habari Dar es Salaam kwamba mama amelazwa Kiomboi. Nilikuwa ofisini natafuta ruhusa na nauli ya treni wakati simu ilipolia.

"Msomi! Unanisikia?"

"Nakusikia, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako hajafa, usianze kulia, simu hii ni ya hospitali na muuguzi ananitazama vibaya."

"Nani yuko naye?"

"Nani mwingine? Mimi. Tangu alipolazwa. Namwogesha, nampikia uji kule kibandani, nafua. Wewe uko huko unaandika." Haikuwa lawama, au kama ilikuwa lawama aliisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Sikiliza. Mama yako ana neno limemkaba. Kila nikimwinua nimlishe anaanza, 'Binti yangu, lile shamba la mama yako,' halafu analia, anatema uji. Jana nimefua shuka mara mbili kwa sababu ya neno hilo. Sasa niambie wewe, ni nini?"

Nilisimama, kana kwamba angeniona. Nikamwambia. Nilimwambia alfajiri zile, tope, jembe langu dogo, togwa, kibuyu kilichoinamishwa kwa ajili ya vumbi. Nilimwambia kwamba mtoni nilijua. Nilipomaliza nilisikia waya tu, na mbali kabisa mtu wa mitambo ya simu akauliza kama bado tunazungumza.

"Tunazungumza!" dada alimfokea.

Kisha akarudi kwangu.

"Nilimtaka yule mwanaume," alisema.

"Najua, dada."

"Hujui. Ulikuwa mtoto." Nikamsikia anavuta pumzi. "Na unga wa togwa ile niliusaga mimi. Ulikuwa wa mwisho mle ndani. Jioni ile mimi na mama tulikula mlenda mtupu, nami nikidhani aliyelima ni yeye, tunacheka, tunasema mkwe ameshiba."

Nikaogopa simu itakatika, nikamuuliza lile swali la mama, kwa maneno yale yale, kwa sababu mimi lilikuwa limenishinda.

"Anatubu," dada alijibu, hata hakufikiri. "Kwangu mimi anatubu. Hayo ya kujisifu atajuana na Mungu wake."

"Basi nimtumie ujumbe kwamba umeshajua? Apumzike?"

"Usimtumie kitu. Ataniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, na mimi nitamjibu ninavyojisikia siku hiyo. Naweza nikamkasirikia, usinipangie. Lakini si leo. Leo hajala tangu asubuhi. Weka simu, uji unaganda."